Barua ya wazi kwa mbunge wetu: ile kura ya Haiti ulisema ndio ama la?

Mheshimiwa,

Salamu kwako na jamaa yako. Naandika hapa wazi juu ofisini kwako nimeambiwa ngoja mpaka nimechoka.

Juzi kwenye matanga ulishika maiki ukasema wewe hukuunga mkono polisi wetu wa Kenya kupelekwa Haiti. Mama yangu alikuwa ameketi mbele hapo, kitinda mimba wake ni polisi na yuko huko Haiti, mjini Port-au-Prince, akanigeukia akaniuliza si huyu ndiye alikuja kutupongeza kijana akienda? Ni wewe Mheshimiwa, na siku hiyo ulijisifu mlipitisha hiyo hoja Bungeni.

Sasa tushike lipi? Tarehe 16 Novemba 2023 mlipiga kura ya sauti, wa ndio wakaitikia, wa la wakaitikia, kiti kikasema wa ndio wameshinda, basi. Hakuna jina lililoandikwa. Na kanuni zenu wenyewe zinasema wabunge 30 wakisimama kudai kura ihesabiwe, kila mmoja anaandikwa na upande wake. Kama kweli ulipinga mbona hukusimama? Korti ilikuwa imezuia hiyo safari na ikaongeza amri yake siku hiyo hiyo, nyinyi mkapitisha tu, kisha Januari 2024 jaji akasema kifungu cha 240 cha Katiba, kile cha kutuma vikosi nje, ni cha wanajeshi, si cha polisi. Serikali ikaenda ikatia sahihi mkataba na Haiti, na Juni vijana wa kwanza wakatua kule. Mimi naona mlikimbizwa na ahadi za pesa za nje, maana hakuna aliyekuja kutueleza vingine.

Wenzao wengine wamerudishwa kwa jeneza. Mama siku hizi presha imepanda, simu analala nayo chini ya mto na ikilia usiku hawezi kuishika, ananiita mimi niangalie ni nani. Ukiwa kwa matanga ukibadilisha maneno, huyo ndiye unambadilishia.

Siombi pesa, siombi kazi. Andika tu, na jina lako chini, kama ulisema ndio ama ulisema la. Na siku ingine mkiletewa hoja ya kutuma watoto wetu nje, simama udai majina yaandikwe, hata kama mko wachache, usimame. Lakini kwanza hili moja nijibu Mheshimiwa, ndio ama la?

Mpiga kura wako