Barua ya kufunga muhula: madaftari ya Desemba

Likoni, Mombasa
Aprili

Wazazi na walezi wetu,

Assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na wazee wetu wote shikamooni.

Nianze na yale mnayoyatarajia ili niyamalize. Muhula umefungwa salama. Ripoti mtazichukua kwa walimu wa darasa, mkono kwa mkono, hatutumi kwa simu. Paa la darasa lililokuwa likivuja limezibwa kabla masika hayajashika, na kwa hilo naishukuru kamati ya wazazi. Chupa za maji na viatu vya mguu mmoja mmoja vilivyookotwa chini ya mwembe viko kwa bawabu. Vipi mtoto anarudi nyumbani na kiatu kimoja na mtu asiulize, hilo tutaliongea siku nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha macho muhula mzima.

Mtakumbuka kwamba shule ilipofungwa mwaka jana, kila aliyekuwa Gredi ya Tano hadi ya Nane alitoka hapa na vitabu viwili na daftari la kurasa 48. Novemba tuliwaachia walale na wacheze. Desemba, kaskazi imeshaingia na jua la saa saba halimruhusu mtu kucheza kandanda, tuliwataka wakae barazani wasome, kisha waandike maoni yao. Hatukutaka muhtasari, wala orodha ya maudhui na dhamira. Tulitaka kujua ni wapi ulicheka, ni wapi usingizi ulikushika, nani ungemwazima kitabu hiki na nani ungemficha.

Madaftari yote nimeyasoma mwenyewe, Januari yote, na mengine Ramadhani baada ya tarawehi. Mengi yamenifurahisha. Machache yamenikera, na walionikera si watoto, ni nyinyi. Mniwie radhi niwaseme kidogo.

Madaftari tisa yana sentensi moja, neno kwa neno: mwandishi ametumia lugha nyepesi na yenye mvuto kuielimisha jamii. Tisa, na vitabu vyenyewe si kimoja! Kimojawapo ni mashairi ya Muyaka bin Haji, mtu wetu wa Mvita, aliyefariki mwaka 1840. Anayesema lugha ya Muyaka ni nyepesi hajakifungua kitabu. Mimi nimezaliwa hapa hapa, na bado kuna beti zinazonipeleka kwa wazee kuuliza maana. Sentensi ile imetoka kwenye miongozo inayouzwa mjini, au kwenye simu ya mtu mzima. Na kuna daftari moja halikuandikwa na mtoto kabisa. Mzazi, mwandiko wako naujua. Umeshanitilia sahihi fomu nyingi.

Sababu yenu naielewa. Mlichelea mtoto asionekane mjinga. Sisi wenyewe tulilelewa hivyo: wazee wa zamani kitabu walikiita chuo, na pale mahali pa kusomea pakaitwa chuo vilevile, na chuo hakijibiwi. Adabu hiyo kwa vitabu vya dini ibaki pale pale. Lakini riwaya kaiandika mtu aliyekaa kwenye kiti kama wewe, akafuta, akaandika tena, pengine akakosea. Mtu huyo anajibika. Ndiyo maana tuliwapa watoto daftari.

Sasa mnisikilize kuhusu daftari moja. Mwenyewe sitamtaja, na nawaomba msimtafute.

Kijana huyu alipewa Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya iliyotoka mwaka 1996. Kwanza alikataa kuichukua kwa kuwa aliona ndani jina Kongowea akadhani ni habari za soko, na sokoni huenda kila Jumamosi kumbebea mamake magunia ya viazi. Akaambiwa hapana, Kongowea Mswahili ni mtu. Jina lake hasa ni Msanifu Kombo. Hapo akacheka, maana Msanifu Kombo kwake yeye ni barabara ya mjini, ng'ambo ya feri. Akakichukua kwa ajili ya kicheko hicho tu.

Wengi wenu mmekisoma. Mtoto wa Tanga, mamake mwimbaji wa taarabu anafariki, na baada ya madhila ya kila namna anaondoka kumtafuta babake Kenya, huko Kitale. Tuliposomeshwa sisi, safari ile tuliisifu. Uvumilivu, tulisema. Mapenzi ya mwana kwa mzazi. Kijana wetu aliandika mistari minne, na nainakili kama ilivyo: "Kitabu ni kizuri. Mimi nisingeenda. Baba asiyekutafuta kwa nini umtafute. Nauli hiyo ningempa shangazi."

Chini yake mwalimu alikuwa ametia kalamu nyekundu: hujaelewa maudhui.

Nilikaa na daftari lile muda mrefu. Yule mtoto kaelewa kupita sisi. Ila amekataa, na kukataa si kutoelewa. Nilimwita mwalimu, mtu makini ninayemheshimu, tukasemezana. Hoja yake ni kwamba kwenye mtihani jibu lile lingepata sufuri. Kweli lingepata, simbishii. Nikamwambia mtihani una siku zake, na Desemba si siku yake. Tukakubaliana wino mwekundu usitumike tena kwenye madaftari haya. Mwalimu sasa anaandika swali kwa penseli, na mtoto akitaka analijibu, asipotaka analiacha. Yule kijana aliulizwa: na kama babake alikuwa hajui pa kumtafuta? Jibu halijaandikwa bado. Nafasi ipo, kurasa ni 48.

Daftari la pili lilinifikia pamoja na bibi yake mwenye daftari, akiwa amekasirika.

Binti wa Gredi ya Nane alikuwa amesoma Utendi wa Mwana Kupona. Mnajua habari zake: bibi wa Pate, kule Lamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mwaka 1858 amtungia binti yake Mwana Hashima wasia wa namna ya kuishi na watu na kumtunza mume. Binti wetu aliandika kwamba Mwana Kupona anampenda sana mwanawe, lakini katika beti zote zile hakumwuliza hata mara moja yeye mwenyewe anataka nini. Bibi alipoona maneno hayo alivaa buibui lake akaja moja kwa moja ofisini. Je, shule inafundisha watoto kuwavunjia heshima wazee?

Nikamkaribisha, nikaagiza chai. Bibi huyu hakuenda skuli, lakini utendi anao kifuani tangu usichana wake, na pale ofisini akaanza kuughani. Karani akaacha mashine ya kuchapa nakala ikijiendea yenyewe. Alipofika ubeti wa pili, pale mama anaposema maradhi yamemshika hata umetimia mwaka, akanyamaza, akamgeukia mjukuu: "Huyu mtu ni mgonjwa, mwanangu. Mgonjwa huuliza au huusia?"

Mjukuu hakuwa ameutilia maanani ubeti ule. Kiswahili cha kaskazini kilimpiga chenga, akauruka. Akaomba daftari lake, akaongeza mstari hapo hapo: "Sasa namhurumia. Lakini bado." Bibi akausoma kwa msaada wangu, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Bado" yenyewe hakuikubali. Waliondoka wakibishana hadi langoni, na ninavyosikia mpaka leo wanabishana, na jioni bibi humsomesha beti nyingine. Sina mwalimu anayeweza kufanya kazi ile.

Mengine nitayapitia haraka. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, imependwa kuliko vyote tulivyowapa, na lalamiko ni moja: kwamba Bwana Msa, yule mpelelezi, huvuta kiko akajua mambo zamani, kisha akatuficha sisi na rafiki yake Najum. Mtoto mmoja ameandika kuwa rafiki kama huyo yeye angemwacha. Vitabu vya picha vya wadogo vimerudi vimechakaa, hiyo ni dalili njema. Mashairi yalirudi mapya kabisa, na hiyo si dalili njema hata kidogo, lakini lawama ni yetu: shairi tumewafundisha kwa kuhesabu mizani, hatukuwapa nafasi ya kuliimba. Muhula ujao yule bibi ameahidi kuja.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, nami Mwalimu Mkuu nilisoma nini Desemba? Swali la haki. Nilirudia Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nilipokuwa na umri wao kilinichosha vibaya. Kila ukurasa niliona unaninyooshea kidole. Safari hii nimekisoma baada ya miaka mingi ya kuhudhuria mikutano, na wale wajumbe wanaotumwa pande zote, wakarudi na habari za maana, kisha wakatiwa gerezani kwa sababu ya habari zenyewe, sasa nawafahamu kwa sura. Hotuba bado naziona ndefu. Nimeandika hivyo kwenye daftari langu, nalo liko maktabani pamoja na ya watoto. Anayetaka kunipinga aandike humo humo.

Likizo hii ya Aprili ni fupi, kwa hivyo kitabu ni kimoja tu. Ombi langu kwenu ni dogo. Msimwulize mtoto kitabu kinafundisha nini. Swali hilo hufunga mlango, maana mtoto anajua jibu mnalolitaka na atawapa. Mwulizeni alichoka ukurasa wa ngapi. Mwulizeni ni nani humo ndani angemkaribisha kwa chakula cha usiku. Akisema kitabu kibaya, mwacheni aseme kwa nini, na msimkatize. Akikosea tahajia msisahihishe, hiyo ni kazi yetu. Kama nyumba ina kelele, wanaovuka kwenda kisiwani wakisome kwenye feri na kwenye foleni yake. Mwenye miguu halipi nauli, na foleni ile, Mungu atusamehe, inatosha sura nzima. Wakubwa waandamane na mtu mzima mpaka maktaba ya umma mjini. Na simu, nawasihi, siku ya kuandika maoni muiweke juu ya kabati.

Yule ambaye mtoto wake hasomi vizuri bado asione aibu kunijia. Maoni yanaweza kusemwa kwa mdomo na dada au kaka akaandika, mradi aandike yaliyosemwa. Daftari zuri kuliko yote la Gredi ya Sita liliandikwa hivyo.

Limebaki jambo la Kuli.

Riwaya hii ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, inahusu wapakuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Tunayo nakala moja tu. Mtoto aliyepewa Desemba aliandika maoni ya mstari mmoja: "Sijasoma, baba amekichukua." Kurasa zilizofuata ni za baba mwenyewe, anayefanya kazi bandari yetu ya Kilindini, na ni kurasa sita zilizojaa pande zote. Anaeleza mzigo ulivyobebwa mgongoni enzi za babu yake, na jinsi winchi zilivyobadilisha kazi lakini hazikubadilisha kilio cha ujira. Anatukumbusha pia kwamba Unguja hawakuwa wa kwanza: Mombasa yetu iligoma Januari 1947, na hilo watoto wake hawakuwahi kulisikia popote, hata kwake yeye, mpaka kitabu kikamfungua mdomo. Kuna mahali anamlaumu mwandishi kwa kuwafanya wakubwa wa bandari wote kuwa wabaya sawasawa, na kuna mahali anaapa kwamba mtu fulani humo anamjua, isipokuwa kabadilishwa jina.

Baba, maoni yako nimeyasoma mara mbili, na kwa idhini yako ningependa uje uwasomee Gredi ya Tisa muhula wa pili ukifunguliwa. Ila kitabu ni cha shule, leo ni Aprili, na watoto wanne wanakingoja. Ukishamaliza, mpe mwanao asome kwanza yeye, kisha akilete.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu