Oda isubiri ofisini, si karakanani

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mafundi wote. Nimeisoma barua yako kuhusu milango inayochelewa. Nakuomba kwanza uache kuwahisha oda, yaani kuziingiza karakanani mapema, maana hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Piga hesabu. Karakanani mna milango 60 iliyoanzwa, na inayokamilika ni 5 kwa siku. Gawanya: siku 12. Ndizo siku utakazokaa humo mlango unaoingia leo. Ukihofia kuchelewa ukajaza hadi 90, siku zinakuwa 18, kwa sababu mashine ya randa, inayopanga mwendo wa kazi yote, ni ile ile moja. Ukiona 18 utawahisha tena, na rundo litapanda hadi mafundi wakose pa kukanyaga.

Tengeneza kadi 35 za namba. Mlango hauanzi bila kadi, na kadi hairudi mpaka vanishi ikauke. Umeme ukiwepo na randa ikakosa kazi, ongeza kadi 2. Rundo mbele ya randa likizidi kazi ya siku mbili, punguza 2. Usibadilishe kila siku. Ipe wiki mbili uone.

Tarehe ya kuanza usiipate kwa wastani, maana karibu nusu ya oda huzidi wastani. Kadi zikishatulia, andika siku ambazo kila oda ilikaa karakanani, kwa oda 20 mfululizo, zipange kutoka chache hadi nyingi, uchukue ya 18, maana oda 18 kati ya 20 zilimalizika ndani ya siku hizo. Ikiwa ni siku 11 na mteja anataka tarehe 28, anza tarehe 17. Tarehe ikifika na kadi hakuna, oda isubiri mezani kwako. Karatasi haiharibiki.

Mbao ndiyo inaharibika. Mninga uliokatwa ukisubiri kioo wiki tatu kwenye unyevu wa Dar, ulimi unavimba, hauingii tunduni mpaka uchongwe upya. Na kusubiri huko kunatokea kirahisi: kioo, kitasa na fremu, kila kimoja kikiwahi mara 9 kati ya 10, vyote vitatu kwa pamoja huwahi kama mara 73 tu kati ya 100. Kwa hiyo kioo na kitasa viwe stoo kabla msumeno haujagusa mbao. Hilo usilegeze hata mteja akipiga simu mara tano.

Ukishazipata zile siku za oda 20, nitumie tuitazame pamoja ile ya 18.

Wako,
rafiki yako