Liberali wa wapi, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Katika kurasa za habari za kimataifa hazikosi sentensi za namna hii: "Serikali ya liberali imevutana na makonsavativu wenye ideolojia ya radikali." Kila neno zito hapo ni la Kiingereza lililovikwa irabu, na msomaji anamaliza kusoma bila kujua nani anataka nini.

Kukopa si kosa. Itikadi tuliikopa kwenye Kiarabu, na bepari alitujia kutoka Kigujarati akiwa mfanyabiashara tu, hana ubaya wowote. Shida ni kwamba majina haya ya Kiingereza hugeuka maana yakivuka mpaka. Liberali wa Marekani ni mtu wa mrengo wa kushoto, anayetaka kodi igharimie zaidi huduma za jamii. Nchini Australia, chama chenye jina hilohilo, kilichoanzishwa mwaka 1944, ndicho kimbilio la wahafidhina. Japani nako Liberal Democratic, chama kilichoundwa 1955, ni cha kihafidhina. Anayefasiri habari za nchi hizo tatu siku moja akaandika "liberali" mara tatu, amewachanganya wasomaji mara tatu.

Kabla ya kufasiri jina, mfasiri atafute dai: hawa wanataka kodi ipande au ishuke? Dola imiliki nini? Dini iwe na nafasi gani katika sheria? Dai liandikwe kwanza, jina lifuate kama bado linahitajika. Jina rasmi la chama libaki lilivyo, kwa herufi kubwa. Itikadi ichukue u-, wafuasi wachukue m- na wa-: uhafidhina, mhafidhina, wahafidhina. Hao "makonsavativu" tunaweza kuwafuta leo hii na lugha isipungukiwe kitu.

Yapo pia maneno yetu wenyewe yanayohukumu. Beberu ni mbuzi dume, na hakuna dola iliyowahi kujiita ya kibeberu. Ukifasiri hotuba ya anayeshutumu, hilo ndilo neno lake. Ukiliandika kwa sauti yako katika habari, umeshatoa hukumu, hata kama ni hukumu ya haki. Ubepari na soko huria navyo mara nyingi ni mfumo mmoja, wa kwanza ukisemwa na wapinzani, wa pili na watetezi. Basi itajwe ni nani anayesema lipi.

Ujamaa ndio mtego mkubwa zaidi. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliusimamisha juu ya undugu wa familia, akaukataa waziwazi usoshalisti unaotegemea mapambano ya watu kwa watu. Kuuita mfumo wa Kisovieti "ujamaa" ni kuunganisha vitu ambavyo mwenyewe alivitenga. Wasovieti wapewe usoshalisti wao, na Azimio la Arusha libaki na ujamaa wake.

Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaitaja nchi kuwa "ya kijamaa na isiyokuwa na dini". Pale penye "isiyokuwa na dini", nakala ya Kiingereza ina "secular". Ukinukuu Katiba, nukuu neno kwa neno. Ukieleza kwa maneno yako, "dola isiyofungamana na dini" ni salama zaidi, kwa sababu msomaji wa haraka hatadhani wananchi wake ni wakanamungu. Ni refu, ndiyo, na kichwa cha habari kitabana.

Halafu kuna "siasa kali". Fundamentalisti lilikuwa jina ambalo Waprotestanti wa Marekani walijipa wenyewe miaka ya 1920, wakimaanisha kushika misingi ya imani. Leo ni tusi, tena hubandikwa zaidi watu wa dini nyingine, na Kiswahili cha redio kikalifanya "siasa kali". Hapo mambo matatu yamefungwa kamba moja: mtu kushika dini yake kikamilifu, mtu kutaka dini iongoze serikali, na mtu kuua. Wa kwanza huenda hana siasa hata chembe. Aliyeshambulia soko aandikwe kuwa ameshambulia soko, na itikadi itajwe pale ambapo kundi lake lenyewe limeitangaza.

Wasomaji wenu,
Wafasiri wa habari