Usije Juni, njoo Februari

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi mno kusikia likizo imekubaliwa na sasa unachagua mwezi wa kuja. Umetaja Juni kwa kuogopa baridi na giza. Nakuomba ubadilishe. Njoo mwishoni mwa Januari, ukae hadi wiki ya kwanza ya Februari ipite, maana Tromsø, mji wetu huu wa kaskazini mwa Norwei, huijui mpaka uione wakati huo.

Kwanza nikutoe hofu ya baridi. Ni kweli tuko nyuzi 69 kaskazini, mbali kuliko Duara la Aktiki, lakini mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki unapita pwani hii na kuipasha. Bandari haigandi, na Januari kwa kawaida baridi huwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Kinachozidi hapa ni theluji. Aprili 1997 ilipimwa sentimita 240, mtu mrefu angefunikwa mpaka utosini! Hata hivyo barabara husafishwa, watu wakaenda kazini na watoto shuleni.

Giza nalo lina mpaka wake. Jua hupotea mwishoni mwa Novemba likarudi katikati ya Januari, ila kwa kuwa mji umezungukwa na milima, sisi wa huku chini tunaliona kwenye tarehe 21. Siku hiyo kila mtu anakula andazi lenye jemu ndani, linaitwa andazi la jua, na foleni kwenye maduka ya mikate huwa ndefu. Watoto wanatoka nje na walimu wao kulipokea. Nami hulipokea nikiwa na furaha ya Idi, sikufichi.

Kabla ya hapo, jua likiwa bado halijaonekana mjini, kuna tamasha la filamu lililoanza 1991. Skrini inasimamishwa nje, kwenye uwanja wa Stortorget katikati ya mji, na watu wanatazama wakiwa wamejifunika vizuri, bila kiingilio. Baadaye mwezi huohuo linafuata tamasha la muziki la Nordlysfestivalen. Ukiwahi, utalikuta.

Lakini ninachotaka hasa ukione ni wiki ya Wasami. Hawa ndio wenyeji wa asili wa kaskazini hii, na nchi yao imegawanywa na mipaka ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Siku yao kuu ni tarehe 6 Februari, kwa kumbukumbu ya mkutano wao mkuu wa kwanza uliofanyika Trondheim mwaka 1917. Kwa miaka mingi serikali ilitaka wawe Wanorwei tu; watoto walikatazwa lugha yao shuleni, na wazee wengine wakaficha asili yao hata kwa watoto wao. Mwaka 1997 Mfalme Harald aliomba radhi mbele ya Bunge la Wasami. Kwa hiyo unapomwona bibi amevaa gákti, vazi lao la bluu na nyekundu lenye tarizi, akitembea Storgata, barabara kuu ya mji, na mjukuu aliyevaa vilevile, ujue hapo kuna jambo kubwa kuliko sherehe. Mimi hunitoa machozi.

Na wiki hiyo kuna mbio za rendia, wanyama wenye pembe wanaofugwa na Wasami! Storgata inafungwa, inamwagiwa theluji, kisha wanakimbizwa rendia. Mnyama anatangulia, na mshindani yuko nyuma yake juu ya mbao za kutelezea, ameshika kamba tu. Watu wamejipanga pande zote mbili wakishangilia, na rendia anakupita karibu kiasi cha kuona mvuke ukimtoka puani. Kuna pia mashindano ya kurusha kamba kunasa pembe, na mahema yenye moto katikati ambamo utapata bidos, mchuzi wa nyama ya rendia na viazi. (Nyama uliza kwanza imechinjwaje, samaki hapa ni wengi, hutalala njaa.)

Siku zisizo na tamasha tutatoka vilevile. Juu ya kisiwa ulipo mji kuna njia ndefu ya kuteleza kwenye theluji iliyowekewa taa, na jioni baada ya kazi utawakuta humo vijana, wajawazito na wazee wa miaka themanini. Mimi hupenda kwenda baada ya Isha, kukiwa kimya. Ng'ambo ya daraja kuna kibanda kinachopandishwa kwa waya mlimani hadi mita 421, na ukiwa juu unauona mji wote na maji yanayouzunguka. Anga ikiwa safi, huenda mianga ya kaskazini ikatokea: kijani inayotembea kama khanga kwenye upepo. Wasami hukataza kuipigia mluzi, basi nasi tutanyamaza.

Jambo lingine la kukuvutia Februari ni swala. Juni jua halizami kabisa, na wapo Waislamu wa hapa wanaofuata saa za Makka kwa sababu hiyo. Mwanzoni mwa Februari jua linachomoza na kuzama kama linavyotakiwa, tena mchana unarefuka kwa dakika kadhaa kila siku. Magharibi utaiona kwa macho yako.

Maandalizi ni haya. Nguo za pamba usivae kwenye ngozi, zikilowa jasho zitakugandisha. Fulana na soksi za sufu ninazo za kutosha. Vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu nitakununulia, maana barafu ya hapa haina huruma. Maombi ya viza yaanze mapema.

Mizigo isiwe mingi. Niletee karafuu, iliki, na dagaa wakavu wa kutosha. Nyama na maziwa usibebe, forodha hawaruhusu. Na khanga mbili, moja niwape majirani zangu, familia ya Wakongo, wao ndio tunaoongea nao Kiswahili jengo zima.

Nijibu tarehe haraka nikuombee nafasi kazini. Msalimie mama, na watoto wote.

Shoga yako,
Tromsø