Nani aliiona katuni ya mnyama mwenye kandili?

Mhariri mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nina jambo limenikaa rohoni miaka mingi, na sasa limefika mahali pa kuomba ushauri.

Nikiwa na miaka 5 au 6, mimi na kaka yangu tuliona katuni kwenye kanda ya video. Jina lake sikuwahi kulijua. Mnyama mdogo anatembea usiku kwenye theluji, kashika kandili mkono mmoja, mkono wa pili kabeba glavu iliyopotezwa na mwenyewe. Anabisha hodi mlango baada ya mlango. Kila anayefungua anaijaribu, haimtoshi, anairudisha. Mlango wa mwisho ulipoanza kufunguka, picha ikaruka: mtu alikuwa amerekodi kipindi kingine juu yake.

Kuna kitu nakiona mpaka leo. Manyoya ya mnyama yule yalikuwa yakitetemeka hata akisimama tuli, kama yanapulizwa na upepo, ilhali mwanga wa kandili umetulia kabisa. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba kile kilikuwa kikaragosi. Fundi hukisogeza kidogo, akapiga picha, akakisogeza tena, na vidole vyake hulaza manyoya upande huu na ule. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Hata kila mkao ukipigwa picha mara mbili, kinaguswa mara 12 kwa sekunde. Ndiyo maana hata sokwe wa King Kong ya mwaka 1933 manyoya yake hayatulii.

Dalili ya pili ni maandishi ya mwishoni, ambayo tuliyakuta kwenye kipande kilichobaki baada ya kile kipindi. Mlikuwa na herufi kama R iliyogeuzwa, Я. Kaka alisema aliyeandika kakosea. Leo najua ni herufi za Kisirili, zinazotumiwa na Warusi, Wabulgaria na wengineo, kwa hiyo nikaanza kupekua kazi za studio ya Soyuzmultfilm ya Moscow, iliyoanzishwa mwaka 1936. Nilipofika kwenye Varezhka ya Roman Kachanov, ya mwaka 1967, moyo ulinidunda: vikaragosi, majira ya baridi, glavu nyekundu! Lakini humo ni msichana anayetamani mbwa, na glavu yake inageuka kuwa mtoto wa mbwa. Hakuna kubisha hodi. Rafiki akanielekeza kwenye filamu ya Yuri Norstein ya mwaka 1975, ya kalunguyeye aliyepotea ukunguni. Ni nzuri mno, nimeitazama mara nyingi kwa raha yake tu, ila ile ni ya picha bapa zilizokatwa na kupangwa juu ya vioo. Siyo yenyewe.

Sasa shida yenyewe. Nilianza kumsimulia binti yangu katuni hii kabla ya kulala. Aliponiuliza nani alifungua mlango wa mwisho, nikabuni: bibi mzee, kajifunga mtandio wa kijivu, mkono mmoja umeganda kwa baridi. Nimemsimulia mara nyingi hivyo kiasi kwamba bibi yule namwona waziwazi kuliko mnyama mwenyewe. Nikimpigia kaka anasema hapakuwa na kandili, ulikuwa mwezi, na mnyama ni fuko, mimi nikishikilia ni kalunguyeye. Na kinachonitia hofu zaidi ni hiki: siku hizi nikimsimulia mtoto nasema glavu nyekundu. Zamani nilikuwa nasema glavu tu. Hiyo rangi nadhani nimeitoa kwenye Varezhka.

Naomba mnisaidie. Kuna aliyeiona katuni hii? Je, mimi na kaka tuandike kila mtu peke yake anachokumbuka, kabla sijatazama filamu nyingine ikanivurugia zaidi? Niache kumsimulia binti yangu kwa muda? Na ikipatikana, halafu mlangoni akatokea mtu mwingine kabisa, nimwonyeshe?

Jana usiku ameniuliza bibi yule anaitwa nani. Sikumjibu. Nimemwambia nitamtafutia.

Wako msomaji,
Mama Mtafuta Kandili