Binti arukie Kalkulasi darasa la 11, au apite Prikalkulasi kwanza?

Dada Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Houston. Mimi ni mama Mtanzania, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, zamu ya usiku. Binti yangu wa kwanza yuko darasa la 10, na wiki hii ameleta fomu ya kuchagua masomo ya darasa la 11. Mimi na baba yake tumeshindwa kukubaliana. Naomba wenye watoto waliopita njia hii, na vijana waliosoma huku, watushauri kabla hatujatia saini.

Kwa walioko nyumbani nieleze kidogo. Sisi tulimaliza kidato cha nne, tukachagua PCM, PCB au HGL, tukaingia advansi na masomo yetu matatu. Huku hakuna tahasusi. Mtoto anachagua somo mojamoja kila mwaka, na hisabati inapanda kwa ngazi: Aljebra ya 1, Jiometri, Aljebra ya 2, Prikalkulasi, kisha Kalkulasi. Zaidi ya hapo kuna kozi ngumu za AP, yaani za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari, ambazo mitihani yake inatungwa na College Board na kufanyika mwezi wa tano kila mwaka. Alama ni 1 hadi 5. Ukipata 3, vyuo vikuu vingi vya serikali vinakuhesabia kwamba somo hilo umeshalisoma. Vingine vinadai 4 au 5. Ada ni karibu dola 100 kwa mtihani mmoja, ingawa familia za kipato kidogo hupunguziwa.

Binti anamalizia Aljebra ya 2. Anataka uhandisi, hasa mambo ya mifereji na mafuriko. Kimbunga Harvey cha 2017 kilimkuta akiwa mdogo sana, na tangu aanze kuelewa mambo hajaacha kuuliza kwa nini maji yalikaa siku zote zile mitaani. Ramani za mito ya mji huu amezibandika ukutani. Kwa hiyo hisabati kwake ni jambo la maisha, na ndiyo maana nashindwa kuamua kwa haraka.

Baba yake anataka Prikalkulasi aimalize kwa mtandao likizo hii, Juni na Julai, ili darasa la 11 aingie moja kwa moja Kalkulasi AB, ile kozi ya kwanza ya kalkulasi ya AP, na la 12 afanye BC, inayokwenda mbali zaidi. Juu yake aongeze Fizikia ya AP, Historia ya Marekani ya AP na Kiingereza cha AP. Hoja yake ina uzito, siwezi kuidharau. Sheria ya Texas inampa mwanafunzi aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yake nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya serikali, isipokuwa UT Austin (Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin), ambayo kuanzia wanaoingia 2026 imebana hadi asilimia 5 ya juu. Kozi za AP zina uzito mkubwa zaidi kwenye wastani wa shuleni kwake, na wastani ndio unaopanga nani yuko juu ya nani. Tena maombi ya chuo hutumwa mwanzoni mwa darasa la 12, kwa hiyo mwaka kamili wa mwisho ambao chuo kitauona ni huo wa 11. Mume wangu alisoma PCM akakosa chuo kwa alama chache. Naelewa anatoka wapi.

Mimi naona msingi bado haujakaa. Jumapili nilikaa naye mezani akifanya logi. Swali lilitaka logi ya 8 kwa kizio cha 2, jumlisha logi ya 4 kwa kizio hichohicho. Akabofya kikokotoo, akaandika 5. Sahihi kabisa. Nikamwuliza, mbona logi ya 32 nayo ni 5? Akanijibu, "Mama, ndiyo fomula." Sisi tulikuwa na kitabu cha four figure. Ukitaka kuzidisha namba kubwa unatafuta logi zake, unajumlisha, unarudi kwenye antilogi, na mkono wako mwenyewe unakuonyesha kuzidisha kukigeuka kujumlisha. Nikamwambia aandike 8 kama 2 × 2 × 2, na 4 kama 2 × 2, ahesabu zile mbili ziko ngapi. "Kumbe!" Maswali yaliyofuata aliyafanya bila kugusa kikokotoo.

Mtoto anaelewa, ila anahitaji muda wa kuuliza "kwa nini". Likizo ya wiki chache, video na majaribio ya kubofya, muda huo haitampa. Na sehemu kubwa ya trigonometria imo humo kwenye Prikalkulasi. Akiingia Kalkulasi anababaika na sini na kosini, nani atamrudisha nyuma?

Yeye mwenyewe anataka Prikalkulasi ya AP, kozi iliyoanza 2023, pamoja na Fizikia 1 ya AP, ambayo inatumia aljebra na trigonometria bila kudai kalkulasi. Historia anataka aisome ya kawaida, kwa sababu ile ya AP ina kusoma kwingi mno. Kalkulasi AB aifanye darasa la 12. Hata SAT, mtihani wa kuombea chuo, atakayoifanya muhula wa pili wa darasa la 11, haina kalkulasi. Kaunsela wa shule ametaja pia aljebra ya chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili), inayohesabiwa shuleni na chuoni, lakini kwa anayetaka uhandisi naona itampoteza njia.

Ninayotaka kujua ni haya. Mliosoma uhandisi huku, je, Kalkulasi AB ya darasa la 12 iliwatosha, au mlijikuta nyuma ya wenzenu mwaka wa kwanza? Na aliyepata 4 au 5 kwenye AB, alifanya vizuri kuruka Kalkulasi ya 1 chuoni, au ilimpasa airudie? Wazazi ambao watoto wao walibeba AP nne darasa la 11, walikuwa wanalala saa ngapi? Wa kwangu sasa hivi, bila AP hata moja, nikirudi kazini alfajiri nakuta taa yake inawaka.

Na wewe Dada, nisaidie namna ya kulizungumza na mume wangu. Sitaki ajione amepingwa na mke na mtoto kwa pamoja, kwa sababu anayoyataka anayataka kwa upendo. Fomu inarudi shuleni mwisho wa Februari.

Mama wa wawili,
Houston, Texas