Mchawi ni hiyo 4

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi, na pole na Kidato cha Pili. Nimechelewa kujibu, usininunie. Umeuliza kwa nini wanakosea vipeo vya sehemu na logi; picha za madaftari nimezipitia zote. Watoto wako si wazembe, mchawi ni hiyo 4.

Tazama mfano wako wa kwanza ubaoni: 4^(1/2) = 2. Mtoto anaona nusu ya 4, basi. "Tumeelewa mwalimu!" Ukimpa 16^(1/2) anaandika 8, presha inakupanda. Anza na 9. Andika 9^(1/2) × 9^(1/2), wajumlishe vipeo (zile namba ndogo za juu) kama walivyozoea, wapate 9^1. Halafu uliza: namba gani ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 9? Atakayesema 4.5 mwambie azidishe mwenyewe, atafika 20.25 na kunyamaza.

Kwenye 27^(2/3), asili (3 ya chini) ndiyo kipeuo, kiasi (2 ya juu) ndicho kipeo. Waanze na kipeuo cha tatu cha 27: 3, kisha mraba wake: 9. Wakianza na kipeo watakutana na 729, na nusu ya darasa itapotelea huko. Na kile kipeo hasi hakifanyi jibu liwe hasi: 27^(-2/3) ni 1/9. Hilo utalirudia mpaka sauti ikauke.

Logi je? Kabla hawajafungua majedwali, waisome kama swali: 2 kwa kipeo gani inatoa 8? Ni 3. Ila nakuomba, usiwape logi ya 4 kwa kizio cha 2 (yaani 2 kwa kipeo gani inatoa 4)! Jibu ni 2, watadhani ni kugawanya, na kwenye 8 watakuandikia 4. Unaona inavyokufuata?

Lile swali la baa, kipeuo cha tatu cha 0.02: logi yake kwa kizio cha 10 ni baa 2 nukta 3010, baa ikiwa kile kistari juu ya namba, alama ya hasi. Baa ni ya ile 2 peke yake; .3010 ni chanya. Wao wamegawanya −2.3010 kwa 3, ndiyo maana wamepata 0.171. Waigeuze iwe −3 + 1.3010, ndipo wagawanye: −1 + 0.4337. Hiyo bado ni logi; wakiigeuza kwa majedwali iwe namba tena, wanapata 0.2714. Kwa nini −3? Kwa sababu inagawanyika kwa 3, hakuna uchawi mwingine.

Vipindi vimebaki vingapi kabla ya mtihani? Majedwali yanatosha, au bado watoto wanne wanagombania kitabu kimoja (4 tena hiyo)? Baraka amerudisha chako? Na Mama Asha, uhamisho umetoka?

Wako,
Zuhura